Taya la Mbuzi Shingoni mwa Mwalimu

Dimanche iliyopita, kiisha misa, kwangu hapa Butembo, bajukuu balikuwa wanaangalia filme ku televizyo. Ni ya mwalimu mumoja mulevi, masomo yake, ile nyumba ya shule, inaanguka, batoto banamuchekelea. Na bajukuu nabo banacheka. "Koko, muone huyu, anasinzia mbele ya batoto." Nikasema maharaki itaungua, nikatoka. Lakini maharaki ilikuwa haijawekwa hata ku moto.

Wewe, rafiki yangu, nakuambia juu tumezeeka pamoja. Naandika vile ninasema; niliishia mwaka wa ine primaire, na utaona juu ya nini.

Nikiwa mutoto, tulikaaka Alimbongo. Baridi ya kule unaijua. Asubuhi ukungu ilikuwa inaingia mpaka ndani ya darasa, madirisha haikuwa na kitu. Kila mutoto alikuja na kiazi kimoja mufukoni, kimetoka tu mu majivu, cha kupasha mikono. Ku récréation unakikula. Mama alinichaguliaka kikubwa, bandugu zangu banakasirika, bananiita mutoto wa... bon, niache ile, nirudi kwa mwalimu wetu.

Mwalimu alitokaka Mabalako, kule kwenye joto, na muke wake. Muke akafa na mimba. Toka pale mwalimu akaanza kunywa kasikisi, ile pombe ya ndizi, na kusema peke yake ku dirisha. Directeur alimuonya mbele yetu: "Mwalimu, kosa moja tena, unarudi kwenu." Mais alitufundisha muzuri. Ni yeye alinishika mukono mpaka nikajua kuandika jina yangu.

Sasa, kulikuwa taya la mbuzi. Ku masomo yetu Kinande, luga yetu ya nyumbani, ilikatazwa. Mwenye kusikiwa anaisema, banamufunga lile taya shingoni na kamba, mpaka naye amushike mwingine anayeisema. Kengele ya mwisho ikikukuta nalo, unasafisha vyoo peke yako, na benzako banakuimbia. Siku moja lilikuwa kwangu. Nilijikwaa ku jiwe, Kinande ikanitoka yenyewe. "Mama Mbuzi, utatukamulia maziwa saa ngapi?" Ni vile batoto balikuwa wananiuliza.

Nikategea sikio kila mutu. Hakuna aliyekosea. Kengele ikiwa karibu, mwalimu akaenda ku dirisha, akaanza kusema na muke wake. Kwa Kinande. Alikuwa anamuuliza kama kule aliko kuna baridi. Nilisikia, na nilielewa. Na directeur alikuwa anaingia pale mulangoni. Nikasimama. "Monsieur le directeur, mwalimu amesema Kinande."

Mwalimu akaniangalia, akavua kofia, akainama mbele yangu kama mutu anayepokea komunyo. "Leta, mutoto wangu. Sheria ni yetu sisi wote."

Nikamuvalisha. Akamaliza somo na lile taya linamugonga kifuani, kiisha akakamata ufagio, akaenda ku vyoo. Batoto bakaimba. Na mimi niliimba, rafiki yangu. Nilibapita bote kwa sauti.

Kesho yake directeur akatuambia mwalimu amerudishwa kwao. Mwingine hakupatikana. Sisi bote ba mwaka wa ine tukarudi mu mashamba, na wengi wetu, kama mimi, haturudiaka tena ku masomo.

Leo masomo ile iko na mabati, taya haiko, na bajukuu bangu Kinande banaisikia kwa shida, hata kama hakuna anayebakatalia. Ile inaniuma. Mais siyo ile ilinitoa mbele ya televizyo.

Nilimuonaka tena mara moja, ku soko ya Beni. Nilikuwa tayari mwanamuke wa batoto batatu, nimeleta vitunguu. Yeye alikuwa anauzisha mafuta ya mawese, muzee. Akanisalimia kwa Kinande, akauliza kwetu ni wapi. Nilimujua palepale.

Nikajibu kwa Swahili: "Baba, mimi natoka mbali, hapana sikia luga yako."

Akaniomba pardon. Akauliza tena kwa Swahili, polepole, neno kwa neno, vile mwalimu anamurudilia mutoto asiyeelewa. Nikabeba vitunguu vyangu, nikaenda kuuzishia ngambo ingine ya soko.