Kamusi ya Kompyuta na Bibi Yangu wa Mpale

Cheka tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Soko huria limetuletea kompyuta mbili, moja kwenye ghala letu la mahindi Handeni, nyingine ofisi kuu Korogwe. Tunatumiana ujumbe kwa njia ya simu, na simu yenyewe hukatika ujumbe haujafika hata nusu. Mwezi uliopita bosi wetu, Mama Singano, akaniagiza nitengeneze kamusi ya kuufupisha.

Kazi ni rahisi. Unailisha kompyuta ujumbe wa zamani, inachagua yenyewe sentensi zinazojirudia na kuzipa alama za herufi, ikianza na inayojirudia zaidi. Kamusi ikiwekwa pande zote mbili, mnatumiana alama tu.

Mimi na kiherehere changu, nikijua tawi la Kabuku linatafuta mkuu, sikuchambua kitu. Nikaingiza kila ujumbe niliowahi kutuma, nikapeleka disketi Korogwe nimechomekea shati kama bwana harusi.

Mama Singano akaifungua kamusi mbele ya wafanyakazi wote. Ya tatu kwa kujirudia ilikuwa "Shikamoo mama." Ya pili, "Mahindi yamepakiwa." Ya kwanza akaisoma taratibu, miwani imeshuka puani: "Naomba ruhusa, bibi yangu wa Mpale amefariki."

Nikatamani ardhi ipasuke.

"Hongera, mwanangu, kamusi inafanya kazi," akasema. "Bibi akifa tena, tuma herufi A tu. Tutaelewa."