Mke Aliyeyaosha Maji

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, mke wa mzee alichutama ukingoni mwa bwawa la samaki, akashusha majini sahani nyeupe iliyofungwa kamba. Ilipopotea machoni, akaipima kamba kwa mkono. Ilipita kiwiko.

"Leo maji ni safi."

"Maji ndiyo yanayoosha watu," mzee akamtania. "Wewe unayaosha maji!"

"Nawe ningekutia humo humo, bwana, ila nawaonea huruma samaki."

Ndivyo walivyoishi, kwa kutupiana maneno. Majirani walimwita mke Fundi Maji. Zamani kila mvua ilikokota mbolea ya shambani mpaka bwawani, maji yakawa mazito, ya kijani, na alfajiri samaki wakapanda juu kutwetea hewa. Watu wakasema ni kijicho. Yeye akamfuata bwana samaki, mtaalamu wa ufugaji wa samaki, akauliza, akafundishwa. Akachimba mtaro, akautandika kokoto, akapanda matete, ili maji ya shambani yapite humo polepole, yaache uchafu wake, ndipo yaingie bwawani. Msimu mzima alibeba kokoto kichwani. Mzee hakumsaidia hata moja. Alikaa kivulini akacheka.

Jioni ya siku ile ya sahani kifua kilimbana mke wake, akalazwa hospitali. Siku ya nne daktari akasema wiki ijayo ataruhusiwa. Mzee akafurahi kupita kiasi. Akataka mwenzake akute nyumbani panapendeza. Akafagia uwanja, akapalilia njia, kisha akashika panga akaingia mtaroni. Kwake yeye, tangu utoto, shamba zuri ni lile lisilo na majani. Aliyafyeka matete yote, akazoa na kokoto, eti maji yapate njia. Maelezo ya mtaro ule alikuwa ameyasikia mara nyingi, lakini hakuwahi kuyasikiliza mpaka mwisho.

Kesho yake mvua ikamwagika kutwa nzima. Keshokutwa samaki walikuwa wameelea matumbo juu, bwawa zima. Mzee aliwaopoa peke yake, kisha akaenda hospitali na shati lile lile.

Njia nzima alijipanga aseme nini. Alipofika kitandani, yakatoka nusu.

"Mama watoto, nimeyafyeka matete yako. Nilitaka ukute pasafi."

Habari ya samaki akaimeza. Mke aliushika mkono wa mumewe, akaugeuza, akatazama magamba yaliyobaki kwenye kucha.

Alifariki siku mbili baadaye, kabla ya wiki ile ya kuruhusiwa. Mzee anajuta kucheka, anajuta panga, lakini zaidi anajuta ile nusu aliyoimeza, maana ilibidi mgonjwa aisome mwenyewe kwenye kucha zake. Wala siku ile kitandani mke hakumgombeza. Aliurudisha mkono taratibu juu ya shuka, akasema:

"Mizizi hukuing'oa? Basi matete yataota. Hao samaki wafukie mbali na kisima, mume wangu, watu wanakunywa."