Siku Niliyomlilia Awuor Akiwa Hai

Wanawake wa sokoni Rangwe wakiniona mpaka leo wanashika vichwa kama watu walio matangani, kisha wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu sina la kufanya, aibu ile niliitengeneza kwa mdomo wangu mwenyewe. Wacha niieleze mimi, maana wengine wametia chumvi, kuna hata anayesema niliagiza jeneza, na jeneza sikuagiza.

Jina langu ni Penina Atieno, lakini huku nilikoolewa wananiita Nyar Kisegi, yaani binti wa Kisegi. Shule niliiacha darasa la nne. Kitu ninachojua ni kulilia wafu. Mtu akifa, mimi ndiye huongoza kilio, kwa sababu sisahau majina: nitakutaja wewe, nimtaje baba yako na babu yako na kijiji alikotoka mama yako, mpaka mtu aliyekuja kula nyama tu anajikuta analia.

Basi mwalimu mmoja kijana, Owiti (babake alikuwa Joram, fundi wa baiskeli, na babu yake Odongo Rateng'), akaja nyumbani akaniambia, "Dani, nina shida." Dani ni nyanya, ndivyo wanavyotuita. Shida yake ilikuwa wanafunzi wake wa kidato cha tatu walikuwa wanasoma mchezo wa kuigiza wa zamani sana, wa nchi za mbali, wa mfalme aliyemfukuza binti yake kwa hasira, na alipokuja kujuta akamkuta amekufa. Walitaka kuuonyesha mbele ya wazazi. Sasa ikifika mahali wanawake wanamlilia huyo binti, wasichana wa Owiti walikuwa wanalia kama watu wanaotekenywa.

"Uje tu uwafundishe sauti," akasema.

Nilivaa gauni la Sabato. (Sikuambiwa nivae, lakini mwanamke wa darasa la nne akiitwa kufundisha kidato cha tatu utamwambia avae leso?) Nilipofika wakanipa kiti mbele ya darasa, na mezani alikuwa amelala msichana amefunikwa shuka, ndiye anayeigiza binti wa mfalme. Nikaanza. Nikakwama hapo hapo, maana kilio bila jina si kilio, ni kelele, na jina la huyo binti wa mfalme lilikuwa refu, limejaa herufi za kugongana. Mimi ninayekumbuka majina ya ng'ombe wa marehemu mume wangu, hilo lilinishinda. Mwalimu alilirudia, wanafunzi wakalirudia, likaanguka tena.

Hapo ndipo nilipokata shauri langu dogo. Nikafunua shuka nikamwuliza yule msichana, "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni Awuor, Dani. Baba ni Okello, ako Sori, ananunua samaki. Mama anauza omena hapo soko."

Nilimjua huyo muuza dagaa vizuri, Min Awuor, yaani mama Awuor, na babu yake Radier nilimlilia mwenyewe. Nikamfunika tena, nikamlilia Awuor.

Nililia kwa Dholuo, kilio cha Kiswahili sikijui. Nikaanza na nduru, ule ukunga mrefu wa kuita watu, nikasema Awuor binti wa Okello, mjukuu wa Radier, umetuacha na nani, mama yako atamtuma nani kisimani, baba yako akitoka Sori atampa nani samaki mkubwa. Wale wasichana wakashika vizuri sana, nasema ukweli, walikuwa wanalia kweli sasa, na mimi nikiona watu wamenifuata huwa napanda tu, sishuki.

Kitu ambacho sikufikiria ni kwamba ilikuwa siku ya soko, na kati ya darasa lile na soko kuna ua wa minyaa tu, na madirisha hayana vioo. Huko nje kila mtu anaijua sauti yangu, na anajua nikiianza mtu hayuko.

Wa kwanza kuingia alikuwa Ogutu seremala, ambaye alikuwa anapima mlango wa duka jirani, akaja mbio na futi mkononi, na watu waliomwona seremala anakimbilia shuleni na futi wakajua maneno yameisha. Nyuma yake wakaja wanawake na matawi waliyovunja njiani, wanalia jina lile lile. Nikaona dirishani mwenyekiti wa soko anapiga simu. (Alikuwa anampigia Okello. Mwanaume yule ni mwepesi kwa kila kitu isipokuwa kufagia soko.)

Halafu Min Awuor. Hakuwa na kiatu hata kimoja, na mikono ilikuwa na magamba ya omena. Hakulia. Alienda mezani moja kwa moja, akasimama pale, akashindwa kushika shuka. Na Awuor, kwa kuwa aliambiwa na mwalimu asitingishike hata nzi akimtua puani, hakutingishika.

Nilisema, "Min Awuor, huyu ni mzima," lakini sauti ilikuwa imenikauka kwa kazi niliyokuwa nimefanya. Ni Awuor mwenyewe aliyesikia harufu ya omena akakaa kitako, akasema, "Mama?"

Nusu ya wanawake walitoka kwa mlango, nusu kwa dirisha. Ogutu alitoka kwa dirisha akaacha futi.

Min Awuor alimshika mtoto uso, akaushika tena, kisha akanigeukia. "Nyar Kisegi, mimi nimekukosea nini?"

Jioni Okello akafika kwa pikipiki na viatu vyake vya ziwani. Aliposikia yote hakunitukana, alisema tu kwamba kifo kimeshasikia jina la mtoto wake, kwa hivyo Awuor anaacha hiyo shule, atakaa naye Sori. Mchungaji wetu aliitwa akaomba, Okello akafumba macho, akasema amina, akayafungua na neno lake ni lile lile. Awuor alikuwa msichana wa mbele darasani, na huko Sori angeenda kuanika samaki. Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi, si kuchekwa.

Mwalimu mkuu akaita mkutano wa wazazi. Okello akasimama. "Naomba kuuliza. Mbona mnafundisha watoto wetu kufa? Hakuna mchezo wa harusi?"

Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu Owiti akasema, "Mzee, iko kwa mtihani," na hata yeye aliona hilo si jibu. Mimi nikasimama nikaomba msamaha, nikasema kosa ni langu, si la mchezo, mtoto asiadhibiwe kwa mdomo wangu. Okello akatikisa kichwa.

Ndipo Min Awuor akainuka, na hakuwa mtu wa kuongea mikutanoni.

"Asubuhi ile tuligombana," akasema. "Aliunguza uji, nikamwambia atoke machoni pangu, asirudi. Sasa kutoka soko mpaka hapa, hayo maneno ndiyo nilikuwa nabeba. Huyo mfalme wa mwalimu, nasikia alimwambia mtoto wake vile vile. Yeye hakurudishiwa. Mimi nimerudishiwa, na uji nimeacha kugombania. Baba Awuor, unataka watoto wajifunze hii kitu wapi, kwa kaburi?"

"Amalize shule," Okello akasema. "Lakini jina lake lisitajwe tena hapo."

"Litajwe la nani?" mwalimu akauliza.

Min Awuor akanielekezea kidole. "La huyu."

Kwa hivyo siku ya mchezo nilikaa mbele, na Min Awuor kando yangu, nikasikia wasichana wanamlilia Penina Atieno binti wa Ochuka. Tangu hapo nimeapa, mtu aliye hai simlilii kwa jina, isipokuwa mimi. Walilia vizuri, isipokuwa yule wa kuongoza aliruka jina la babu yangu, na mimi kitu kama hicho siwezi kukiacha kipite. Nikainuka kidogo nikasema, "Obonyo. Mjukuu wa Obonyo." Ukumbi mzima ukacheka, Owiti akajifunika uso na karatasi zake.

Min Awuor hakucheka. Alikuwa anaangalia ile shuka pale mezani, machozi yanamtoka, amenikamata gauni la Sabato kwa mkono wote.

Nikamnong'oneza, "Unalia nini? Awuor ni mzima, na mimi niko hapa."

"Nyamaza," akasema. "Wewe umekufa."

Nikanyamaza.