Maji ya Kisima cha Mama

Kazi yangu maabarani ni kulea hamira, ndugu wa ile ya maandazi, ila hii tumeirekebisha ing'ae kijani inapokutana na kitu kinachoharibu vinasaba. Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Maguu, nikamkuta mama akisuuza bomba la kupulizia dawa ya kahawa hatua chache tu kutoka kisimani. Niliondoka na chupa mbili za maji, moja ya kisima na nyingine ya chemchemi ya mlimani.

Wiki nzima sikutulia kitini. Maji ya chemchemi hayakuonyesha kitu. Ya kisima yaliing'arisha hamira, lakini hafifu. Nilirudia jaribio, ikawa vilevile. Nikampigia mama.

"Shikamoo, mama. Yale maji nimeyapima."

"Marahaba. Yana nini?"

"Hamira imeshtuka kidogo."

"Hamira imeshtuka," alirudia taratibu. "Na sisi, tunywe au tusinywe?"

Nilisimama, nikaanza kuizunguka meza. Nilimweleza kwamba hamira si mtu, haiwezi kuniambia nani ataugua wala lini.

"Miaka yote umesoma," alisema, "na bado hujui?"

"Sijui, mama. Lakini msiyanywe kwanza. Choteni chemchemini, na bomba lisuuzwe mbali."

Alikubali bila kubisha. Sasa anapanda mlima na ndoo, magoti yakimuuma, kwa neno ambalo mimi mwenyewe sina hakika nalo. Kila asubuhi nachungulia hamira kabla hata sijaweka mkoba chini.