Kidevu cha Paka Kilichonifikisha kwa Baba Mkwe

Jamani, msicheke kwanza, maana aibu hii hata nikiikumbuka peke yangu jikoni huwa najifunika khanga.

Nilikuwa bibi harusi mpya kule Ileje, enzi za Mwingereza, na sisi Wandali mnatujua, mkamwana haonani na baba mkwe, ukimsikia anakohoa njiani unajitupa majanini (kanisani tulikwenda wote, ndiyo, ila yeye mlango ule, mimi mlango huu). Mama mkwe alinionya mapema: "Ukikutana naye uso kwa uso, mwanangu, unarudi kwenu."

Sasa nilikuwa na paka, Sijali, mume wangu alimleta kutoka Mbozi alikokuwa kibarua kwenye shamba la kahawa la mzungu. Huyo Sijali akaota vidoadoa vyeusi kidevuni, nikadhani masizi, nikafuta, wapi! Vikawa chunusi, chunusi kabisa kama za kijana anayebalehe. Mume wangu akasema mke wa mzungu paka wake humkanda kwa kitambaa na maji vuguvugu ya chumvi, basi nikamkanda, sahani yake nikaisugua kwa majivu, akapona, halafu zikarudi. Nikakanda tena, zikarudi tena. Nikachanganyikiwa: mafuta yale kidevuni yanatoka wapi, nami nampa ugali mkavu?

Siku hiyo nikasema leo nitaminya moja tu. Moja tu! Akanikwaruza, akachomoka, nami nyuma yake na kitambaa mkononi, "Sijali! Sijali!", tukapita migombani, tukapita zizini, akaona mlango uko wazi akaingia, na mimi nikaingia.

Humo ndani, baba mkwe na wazee wenzake wa kanisa wanakula. Na Sijali ametumbukiza kidevu chote kwenye bakuli la mti la baba mkwe, bakuli jeusi kwa mafuta ya miaka, analamba mchuzi wa nyama kama mwenye nyumba, wala hakuna anayemfukuza.

Nikaganda. Nitoke? Nipige magoti? Nikajifunika uso kwa nilichokuwa nacho, nacho kilikuwa kile kitambaa cha chunusi, kimelowa, kinanuka paka. Nikaanza kulia humo humo kitambaani, nikijiona na mzigo wangu kichwani narudi kwetu.

Ndipo nikasikia sauti: "Wewe Sijali." Baba mkwe anazungumza na paka! "Mwambie mwenye kitambaa, hapa hajaingia mtu, umeingia wewe tu. Na bakuli hili litaoshwa."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikatoka kinyumenyume, nikajigonga mlangoni.

Sikurudishwa, bakuli likaoshwa, na chunusi zikaisha, kumbe mafuta yalikuwa yakitoka humo. Kama mwiko niliuvunja au sikuuvunja, mpaka leo sielewi, maana baba mkwe hakuniambia neno hata moja maisha yake yote. Kila mara alimwambia paka, akiwa nyuma ya ukuta: "Sijali, mwambie uji ulikuwa mtamu." Nami nilimjibu paka.

Kuminya chunusi ya paka nimekoma. Lakini Sijali alipokufa, aliyehangaika kijiji kizima kutafuta paka mwingine, upesi, alikuwa yule mzee.