Choo cha Baba Mkwe

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na ikinijia nachoka kabisa. Nachoka kwa sababu naona na wewe unaelekea kulekule. Juzi umesimama na kipaza sauti hapa Ganako ukawaita wazee wa watu wajinga, eti wanaukataa mradi wenu. Uliwauliza kwa nini wanaukataa? Hukuwauliza. Basi kaa hapo nikwambie habari za mdogo wangu Paulo, huyo daktari aliyekuja kuwa waziri, mnayesema alizaliwa na bahati. Bahati gani! Kichwa chake kilikuwa kigumu kama kisiki cha mloliondo.

Ilikuwa miaka ya sabini. Paulo alikuwa anasomea udaktari Dar es Salaam, akaja likizo na suruali yake ya bugaluu inayofagia matope yote ya Karatu. Alipofika tu akachimba choo nyuma ya nyumba, kizuri, chenye mlango na paa la nyasi. Sikatai, kazi aliifanya. Akatutangazia kwamba atakayeonekana tena vichakani atakiona cha mtema kuni.

Tukakitumia wote isipokuwa wifi yangu Tekla, mke wa kaka yetu mkubwa. Yeye aliendelea kwenda korongoni, mvua na ukungu wa Ngorongoro vikimshukia. Na maji ya kunywa tulichota chini ya korongo hilohilo. Haukupita muda, mwanawe mchanga akaanza kuharisha na kutapika, macho yakadidimia, tukajua tunazika. Paulo hakubanduka pale, namsifu kwa hilo. Alikoroga maji kwa chumvi na sukari akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko, mpaka akafumbua macho na kulia.

Lakini mdomo, mwanangu! Mdomo huponza kichwa. Mtoto alipopata nafuu kidogo, mbele ya majirani waliokuja kumjulia hali, Paulo akamgeukia Tekla.

"Shemeji, wewe ni mchafu. Nusura umuue mtoto wako mwenyewe."

Tekla aliingia ndani, akafunga nguo zake kwenye kanga, akambeba mtoto mgongoni arudi kwao. Mtoto ambaye hata kunyonya sawasawa hajaweza, apelekwe mwendo wote ule kwenye mvua! Nikamshika mkono mlangoni. Hasira zilikuwa zimenipanda, na si kwake.

"Paulo, kwani wewe umezaliwa Ulaya?" nikafoka. "Tekla aingie vipi choo anachoingia baba mkwe wake? Wapishane mlangoni?"

Watu wote wakaangalia chini. Kwetu mke wa mtoto hata jina la mkwe wake halitamki, choo angekitaja kwa mdomo gani? Na Baba naye, kwa heshima hiyohiyo, angeanzia wapi? Mtu pekee ambaye angeweza kuuliza ni yule aliyechimba, naye alikuwa ameshajua kila kitu.

Baba akainuka, akachukua sururu, akasimama mbele ya mwanawe.

"Ulimuuliza shemeji yako kwa nini haingii?"

"Hapana, Baba."

"Basi muombe radhi. Ukimaliza, njoo tuchimbe kingine."

Akaomba radhi mbele ya majirani walewale. Tekla akamshusha mtoto mgongoni, akaketi. Mimi ndipo nikapumua.

Mwanangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukiona mtu mzima amekataa kitu chema, usikimbilie kumwita mjinga. Ipo sababu, na pengine ni sababu ambayo heshima haimruhusu kuisema mpaka aulizwe kwa upole, tena faraghani. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kesho asubuhi rudi kwa wale wazee bila hicho kipaza sauti, waamkie, uketi, uulize.

Haya, nenda. Mungu akukuze, akupe cheo ukitakacho, lakini akupe masikio kwanza.