Naambiwa Nifute Gemu Niliyotengeneza Kuhusu Kifo cha Kaka Yangu, Nami Sifuti

Admin, nifichie jina. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, kwetu ni Ndhiwa, lakini nasomea diploma ya kompyuta huku Migori mjini. Karo yangu ilikuwa inalipwa na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba. Ana mashimo ya dhahabu kule Osiri, na nyumbani akisema jambo limeisha.

Kaka yangu, nitamwita Ouma, alikuwa akimfanyia kazi kwenye shimo moja. Miaka miwili iliyopita lile shimo lilimwangukia. Kwenye mazishi baba mdogo alisimama akasema Ouma aliingia akiwa amelewa, bila kutumwa na mtu. Watu wakatikisa vichwa, wakamsikitikia mama, wakala, wakaenda kwao. Lakini mimi nilijua. Siku tatu kabla ya kufa, Ouma alinipigia simu akaniambia, "Mbao zinazoshikilia udongo zimeoza. Tumemwambia baba mdogo alete zingine, anasema mawe kwanza, mbao baadaye." Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili, na pale matangani nikanyamaza, kwa sababu ndio nilikuwa nimeanza chuo na anayenilipia ni yeye. Naliweka hili mapema ili msidhani najiona malaika.

Sasa juzi juzi kulikuwa na mashindano ya kutengeneza gemu mtandaoni. Mnapewa mada Ijumaa jioni, na kufikia Jumatatu jioni gemu iwe imekamilika na kutumwa. Saa sabini na mbili tu. Mada ilikuja neno moja: "Shikilia." Wenzangu wakaanza kusema watachora kamba, sijui mtu ananing'inia kwa ndege. Mimi niliona mbao.

Nilifanyia kazi kwenye saluni ya rafiki yangu kwa sababu kwangu stima hupotea ovyo. Watu wanasukwa, mimi niko kwa kona na kompyuta. Nilikuwa nimepanga hatua tatu za mchezo, nikabaki na moja. Jumapili nzima mchimbaji wangu wa kwenye gemu alikuwa akipanda ngazi anapitiliza, anapotelea nje ya skrini, hadi wateja wakawa wananiuliza, "Bado amekataa?" Gemu yenyewe ni rahisi. Ukibeba mawe kupeleka juu, unalipwa. Ukibeba mbao kupeleka chini, hupati kitu, lakini udongo hauanguki. Na kila ukigusa mbao, sauti inakufokea, "Mawe kwanza!" Hiyo sauti niliirekodi mwenyewe nikiwa nimejifunika blanketi ili pikipiki za nje zisisikike. Nikatuma zikiwa zimebaki dakika tisa.

Nikawa wa tatu. Nilifurahi siku mbili hivi. Halafu gemu ikafika kwenye simu za wachimbaji kule Osiri. Wakawa wanaicheza wakipumzika, na baba mdogo akipita mtu anasema kwa sauti ya chini, "Mawe kwanza," wengine wanacheka.

Akaja hadi chumba changu cha kupanga. Hata hakukaa.

"Toa hiyo kitu."

"Baba, kwani nimetaja jina la nani?"

"Usinichezee, msichana. Hayo maneno ni yangu."

Nikamwambia, "Basi umekubali uliyasema."

Akaniangalia kama hanijui. Kisha akasema, "Karo tafuta mwingine. Na Jumamosi utasimama mbele ya ukoo useme ulitunga uongo." Nilimfungulia mlango atoke.

Nikaona nimfikie mama kabla ya hiyo Jumamosi. Nilimkuta akichambua maharagwe. Akasema, "Leta hiyo gemu nami nione." Nikamwonyesha mahali pa kugusa. Mama hakubeba jiwe hata moja. Mbao, mbao, mbao, ile sauti ikimfokea, yeye anaendelea tu. Udongo haukuanguka. Nikadhani amefurahi. Akaweka simu chini.

"Nyathina, mwanangu, haya nani alikuambia?"

"Ouma mwenyewe. Kwa simu, kabla ya ile siku."

Akalivuta beseni la maharagwe. Kisha akasema polepole, "Kila Jumapili naomba Mungu amsamehe mtoto wangu pombe. Pombe ambayo hakukunywa. Na wewe ulikuwa unajua." Akabeba beseni lake akaingia ndani.

Jumamosi nilisimama mbele ya ukoo. Nilisema yote, siku aliyonipigia, maneno aliyoyatumia, na kwamba nilinyamaza kwa ajili ya karo. Baba mdogo aliinuka akaondoka kabla sijamaliza. Mzee mmoja akasema nimevunja boma. Nikamjibu, "Mzee, lilivunjika siku tulipomzika Ouma na uongo." Mama alikuwa amekaa nyuma. Hakuinua macho. Mpaka leo nikimpigia simu hapokei.

Najua wengine mtaandika hapo chini niende nipige magoti kwa baba mdogo, nifute gemu, nisome kwa amani. Msipoteze data yenu. Gemu haitoki. Sasa nasuka watu kwenye ile ile saluni, na diploma nitaimaliza hata ikinichukua miaka mitano. Yeye simwogopi tena, na kwake sina swali.

Swali langu ni kwa mama. Nyinyi ambao mliwahi kunyamaza wakati mlipaswa kusema, mlirudije kwa mtu mliyemnyamazia? Nishaurini ndugu zangu, nianzie wapi?